Majivu ya Mzee Luhende

Chombo cha glezi kikitoka tanuruni huwa kinalia. Tin, kinanyamaza, kisha tin tena, kwa sababu ule utando wa kioo uliopakwa juu yake hujikaza hewa ya baridi inapougusa. Nyanjige aliipenda sauti hiyo kuliko kwaya yoyote ya Bariadi, na mumewe anayeimba besi kanisani alishazoea kutaniwa hivyo. Kwa kawaida vyombo hulia asubuhi ya kufungua tanuru, na kufikia chakula cha mchana vimeshanyamaza. Hivi vya safari hii vililia mchana kutwa. Kesho yake vilikuwa vimepoa kabisa, na bado vilikuwa vinalia kwenye rafu.

"Hivi vina nini?" mumewe, Mihayo, aliuliza. Alikuwa ameshika miwani yake ya kuchomelea, tayari kwenda karakana.

"Vina furaha. Vimemwona fundi wao."

"Mimi nasikia vinagombana."

Nyanjige alimcheka, na alikuwa na haki ya kucheka. Hii ilikuwa glezi nzuri kuliko zote alizowahi kuchanganya katika lile banda lake la mabati nyuma ya nyumba, mtaa wa Somanda. Ilikuwa na rangi ya asali iliyoungua, na pale ilipotiririka ikajikusanya chini ya mshikio wa kikombe iligeuka kijani kilichokoza. Alikuwa na vikombe, bakuli, sahani, na jagi moja kubwa lenye kitambi. Gloria, meneja wa hoteli moja ya watalii upande wa Lamadi, alishaona picha kwenye simu akajibu kwa vialama vya moyo tu. Mtu akishafika hapo, nani atamsikiliza anayemwambia vikombe vyake vinalia vibaya?

Siri ya rangi ile ilikuwa majivu. Mfinyanzi wa glezi ya majivu hapiti kwenye moto wa watu bila kuuangalia kwa tamaa, maana kila mti una rangi yake. Mwezi wa sita, baba mkwe wake, mzee Luhende, alipofariki kijijini upande wa Kalemela, wanaume walikoka moto wa matanga uani kwa magogo ya mgunga matupu, nao haukuzimwa mpaka msiba ulipokwisha. Katika ukoo ule majivu ya moto huo hayaguswi na mtu. Siku ya kuanua matanga dada wa marehemu huyazoa yote kwenye ungo, huyabeba mpaka njia panda, huyamwaga na kurudi bila kugeuka. Hapo ndipo marehemu anapojua kwamba hana tena moto katika kaya ile, akaenda zake.

Nyanjige alilijua hilo, aliambiwa siku alipoolewa kama wake wote wa ukoo wanavyoambiwa. Lakini asubuhi ya kuanua matanga alipita uani akayaona, meupe, laini kama sembe, hayana hata punje ya mkaa, na mikono ikamwasha. Alijaza mfuko mmoja wa sandarusi akauficha kwenye begi lake. Alijiambia kwamba yaliyobaki yanatosha kumwagwa.

Basi aliyachekecha kwa kitambaa, akayaloweka, akamwaga yale maji makali yanayochubua vidole, akachanganya na udongo mweupe na unga wa chupa alioutwanga mwenyewe kwenye kinu cha chuma. Akachovya vyombo vyake, akafuta vitako kwa sponji visigande tanuruni, akavichoma. Ikatoka rangi ile.

Sasa kuhusu mzee Luhende mwenyewe, tuseme ukweli: alikuwa mpigaji. Alipiga ng'ombe, alipiga watoto, na mkewe Nyamizi alimpiga kwa fimbo ya kuchungia siku za hasira na siku zisizo na hasira. Sikio la kushoto la yule mama lilikufa kwa kofi. Msibani watu wazima walisimama wakasema marehemu alikuwa mtu wa msimamo, na Nyamizi aliketi pale akisikiliza kwa sikio moja.

Baada ya matanga alikuja kukaa kwa mwanawe Bariadi. Siku ya kwanza Nyanjige alimshika mikono akamwambia, "Hapa kwangu, mayu, hakuna atakayekunyanyulia mkono." Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na Nyanjige hakuwahi kumwita kwa jina lingine. Bibi yule alicheka mpaka akalia. Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Alikaa kwenye kigoda bandani akisugua vyombo vibichi kwa kokoto la mtoni mpaka ving'ae, akitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na kusimulia vichekesho ambavyo mkwe hapaswi kuvisikia. Nyanjige alimpenda sana. Kumwona mtu anajifunza kucheka uzeeni kulimpa fahari ambayo hata glezi haikuwahi kumpa.

Siku ile ya pili, Mihayo alipokwisha kwenda kazini, Nyamizi aliingia bandani na bakuli lake la michembe. Vyombo vyote vilinyamaza mara moja.

Nyanjige aliinua kichwa. Ukimya ule ulimshtua kuliko kelele. Kisha ikaja harufu, ya ugoro na samli iliyochacha na moshi wa kuni, nzito, ya mtu mzima aliyesimama karibu. Kokoto la Nyamizi liliacha kusugua.

"Nani ananusa ugoro humu?" bibi alinong'ona.

"Hakuna mtu, mayu."

"Yupo." Hakugeuza kichwa. Macho yake yalikuwa yamekazia chombo alichoshika. "Ng'wanone, mwanangu, hayo majivu uliyatoa wapi?"

"Sokoni. Kwa muuza mkaa."

Alidanganya upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Hakuwa amemaliza kuona aibu yake fimbo ilipolia hewani. Hakuna aliyeishika. Ilisikika fyuu, ikasikika imetua, na Nyamizi akaanguka kifudifudi kutoka kwenye kigoda. Blauzi yake ilikuwa imechanika mgongoni kutoka bega hadi kiuno, na ndani ya mchaniko ule ngozi ilifunguka ikaanza kutoa damu. Kwenye rafu vyombo vikalia vyote kwa pamoja, tin-tin-tin-tin, jinsi watu wanavyopiga makofi.

Mihayo alirudi akaambiwa mama ameangukia kwenye chuma cha rafu. Nyamizi mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, bila kubabaika, na Nyanjige akajua ni maneno yaliyokwisha kutumika mara nyingi. Angeweza kukiri jioni ile. Hakukiri. Aliogopa aibu, na, Mungu amsamehe, alizionea huruma zile rangi.

Kesho yake alasiri Gloria alikuja na gari la hoteli, amepaka manukato, amejaa furaha. Alivipapasa vyombo kimoja kimoja. Akasema anataka kunywa chai kwenye kikombe chenyewe, maana mgeni wa hoteli atauliza mdomo wa kikombe ukoje.

"Subiri nikuletee kikombe cha ndani," Nyanjige alisema. "Hivi bado vina vumbi."

"Acha mambo yako, dada. Mimina."

Alimimina. Gloria alikiinua kikombe, akapuliza, akakigusisha mdomoni, na kikombe kikampiga. Kilimpiga kwa nguvu ya ngumi. Kichwa chake kilirudi nyuma, meno ya mbele yakavunjika kwa mlio mkavu, na kabla hajapata sauti kikampiga tena, na tena, vidole vyake vyenyewe vikiwa vimekwama kwenye mshikio, mkono wake ukienda na kurudi huku macho yake yakimwangalia Nyanjige kwa mshangao wa mtu asiyejua amekosa nini. Nyanjige aliudaka ule mkono kwa mikono miwili akaning'inia nao mpaka kikombe kikaachia. Kilianguka chini bila kuvunjika. Damu ilikuwa imetapakaa juu yake, na mbele ya macho yake ile damu ikazama taratibu ndani ya glezi ikapotea, jambo lisilowezekana, kwa sababu kioo hakinywi kitu.

Mihayo aliitwa, akasaidiana na dereva kumpeleka Gloria hospitali. Alirudi jioni. Alichukua nyundo ya karakana akaenda bandani, mkewe akimfuata nyuma.

"Navimaliza leo leo," alisema, akalipiga lile jagi.

Lilipasuka vipande, na kila kipande kikaanza kulia peke yake. Kisha viliinuka kutoka sakafuni. Kimoja kilimchana utosini, kingine kikamfungua mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, na alipojikinga uso vikamshukia mgongoni, damu ikarukia mabati. Nyundo ilimtoka. Hapo ndipo walipoisikia sauti, ikitoka kwenye rafu nzima, kutoka kwenye matumbo ya bakuli na vikombe, sauti ya mzee asiye na haraka.

"Mihayo. Lete fimbo."

Mihayo ni mwanamume mwenye ndevu, ana mabega ya kuinua jenereta. Aliacha kujikinga. Uso wake ulilegea ukawa wa mtoto, akageuka akatoka nje huku damu ikimtiririka, akaenda moja kwa moja kwenye ua wa minyaa, akaanza kuchagua. Alivunja kijiti, akakipima kwa kukipunga hewani, akakitupa, akatafuta kinene zaidi. Alikuwa ananong'ona, "Nakuja baba, naleta baba, sijachelewa." Nyanjige alimkumbatia kwa nyuma akamvuta mpaka wakaanguka wote wawili, akamzaba kofi, akamwita jina. Alipomwona anarudi kuwa mumewe alilia kwa uchungu, akamwambia kila kitu, pale pale chini.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni akasikia yote. Hakumgombeza. Alisema tu, "Mpigieni simu Limbu," kisha akaenda kutafuta kitambaa cha kumfunga mwanawe.

Limbu, dada mdogo wa marehemu, ndiye aliyeyazoa majivu yale siku ya matanga. Alifika asubuhi, bibi mwembamba mwenye raba mguuni, akashuka kwenye bodaboda akimfokea dereva kwa kumrusha kwenye matuta. "Mwangaluka," alisalimia, akaitikiwa, akaingia bandani, akanusa mara moja tu akatoka.

"Ni yeye," alisema. "Nilipozoa niliona ungo mwepesi. Nikasema upepo huo. Kumbe nilimpeleka njia panda nusu. Nadhani nilipeleka miguu. Mikono iko kwenu hapa."

"Tufanyeje, shangazi?" Mihayo aliuliza. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa khanga ya mama yake.

"Kwani kuna ugumu gani? Nipeni majivu niyapeleke yalikotakiwa."

Nyanjige aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama. "Hayapo, shangazi. Yameyeyuka motoni. Yameshakuwa kioo."

Limbu alilitafakari hilo. Mizimu alikuwa ameizoea, lakini hili hakuwahi kuletewa. "Na kioo hicho kinarudi kuwa majivu?"

"Hakirudi kamwe. Kinaweza kurudi kuwa unga, kikitwangwa."

"Basi twanga. Twanga mpaka kisibaki kipande cha kushikika, maana kila kipande ni yeye. Na utwange wewe, aliyechukua ndiye anayetoa. Ukianza usipumzike. Ukipumzika atakuua."

Walikitoa kinu cha chuma katikati ya uwanja, jua la saa tano likiwaka. Nyanjige alijifunga kitenge puani na mdomoni, kama afanyavyo siku zote kwenye vumbi la kioo, akashika mtwangio wa chuma. Mihayo alileta vyombo, pamoja na vipande vya lile jagi, kwa mikono yake mibovu. Limbu alisimama na ungo, akamwita kaka yake kwa jina na majina ya baba zao, akimwambia kwamba safari yake imefika, asiwasumbue watoto. Kikombe cha kwanza kilipasuka ndani ya kinu, na fimbo ikamshukia Nyanjige mgongoni.

Alipiga yowe, akatwanga. Kwa kila pigo la mtwangio palikuwa na pigo la fimbo juu yake, la mabega, la mapaja, la vidole vilivyoshika mtwangio, na alipojaribu kuhesabu pumzi ili asisikie maumivu akapigwa tumboni pumzi zikaisha. Mihayo alinyanyuliwa na bakuli mkononi akatupwa kwenye tanuru. Bati la banda lilichomoka kwenye misumari, likaruka juu ya uwanja likazunguka na kukata tawi la mlimao, na Limbu akainama bila kuacha kuita majina. Majirani walisikia. Redio za nyumba mbili tatu ziliongezwa sauti, kama watu wanavyofanya wakisikia mwanamke anapigwa.

Zilipobaki sahani chache, fimbo iliacha mgongo wake ikaanza kutafuta kichwa. Nyanjige aliisikia ikilia hewani, akafumba macho, na pigo halikumfika. Nyamizi alikuwa amejiweka katikati.

"Nipige mimi," bibi alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mimi ndiye uliyemzoea. Huyu ana kazi."

Akampiga. Alimpiga kama alivyompiga miaka yote, mkono wa bibi ukavunjika, mfupa ukasikika, na Nyanjige alikuwa anatwanga na kulia na kumwomba atoke, na bibi hatoki, na sahani ya mwisho ilikuwa inasagika kuwa mchanga na mchanga kuwa unga mweupe unaong'aa, na alipoona imebaki kidogo tu, kidogo kabisa, kitu kikaushika ule mkia wa kitenge kisogoni mwake kikakichana kikakitupa, na wingu la unga likapanda kutoka kinuni likampiga usoni, naye alikuwa amefungua mdomo kwa kilio, akalivuta lote.

Kisha palikuwa kimya. Limbu alikung'uta kinu kwenye ungo, akaufunika kwa kaniki, akaubeba kichwani. Wakamwona anakwenda taratibu kuelekea njia panda ya barabara ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, katikati ya malori ya pamba, bila kutazama huku wala huku. Alirudi mikono mitupu akaomba maji ya kunawa.

"Ameondoka," alisema. "Na wewe mwizi wa majivu, kaa mbali na moto wa watu."

Wakacheka, wote wanne, wakiwa wamevimba na kuchanika, kicheko cha watu waliobaki hai. Nyanjige alicheka mpaka akakohoa.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Mkono wa Nyamizi uliwekewa plasta, na Mihayo akaichora ng'ombe mwenye pembe ndefu. Banda lilipigwa misumari upya. Harufu ilikwisha. Nyanjige alipeleka matunda hospitalini kwa Gloria, akalia mbele yake bila kueleza. Kifua kilikuwa kinamkereketa tu, kikohozi kikavu kisichosikia tangawizi wala asali, na asubuhi alipotema aliona mate yake yanameta kidogo. Hakumwambia mtu. Alijua vumbi la glezi haliyeyuki mapafuni, kila mfinyanzi anajua, likiingia limeingia.

Jumapili baada ya ibada Mihayo alibaki kwenye mazoezi ya kwaya. Nyamizi alisisitiza kupika mwenyewe kwa mkono mmoja, akiimba wimbo wa kulimia, akijisifu kwamba hata nusu mwanamke anaweza kusonga ugali. Sufuria la mchuzi lilimponyoka. Lilimwagika lote kwenye sakafu, samaki wakatawanyika mpaka chini ya meza, na bibi akajicheka kwa uzembe wake.

Nyanjige alisimama ili achukue dekio. Alikuwa anataka kusema pole, mayu, acha nifute. Joto lilimpanda kutoka kifuani, pale pale palipokuwa panamkereketa, likajaa shingoni, likajaa mikononi, na alipoangalia alikuwa amekwisha kuuchukua mwiko kutoka kwenye ugali na kuubadilisha mshiko, akiupima uzito wake.

"Chakula cha nani hicho unachomwaga?" alisema. Sauti ilitoka polepole, haina haraka.

Nyamizi aliacha kucheka. Aliinua uso, akamtazama mkwe wake machoni kwa muda mrefu, akitafuta, kisha akaacha kutafuta. Hakukimbia. Alipiga magoti katikati ya mchuzi, akavua kilemba chake, akakikunja vizuri akakiweka pembeni kisichafuke, akainamisha kichwa.

"Umerudi, baba Mihayo," alisema.

Nyanjige alitaka kumwambia ni mimi, mayu, ni mimi Nyanjige. Mkono ulikuwa umeshashuka.